Tiketi Namba 288

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo bosi wetu, mzee Ofumbi, kaingia ofisini na sura ya mtu aliyenunua ng'ombe. Kanunua mfumo! Wa kompyuta — kila barua ya mteja ikiingia kwenye imeli ya ofisi inageuka tiketi, inapewa namba, inapewa mtu wa kuishughulikia. Haipotei ng'o. Kasema hataki tena aibu ya yale mayai.

Yale mayai. Mwezi Machi lori zima, siku nne limekaa juani mpakani Malaba, kwa sababu mtu alifungua barua ya mteja akaisahau. Mzee akamfukuza mwenzangu Marion. Aliyeisahau ni mimi. Aliyemwandikia mzee kwamba ni Marion — mimi pia. Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Kauliza nani anaweza kuunganisha imeli na huo mfumo. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kazi ya dakika kumi, nikasema. Provia, Provia!

Jumanne, 17 Juni

Dakika kumi zimekula siku nzima. Mfumo unakataa paswedi. Nimeandika kwa herufi kubwa, kwa ndogo, nimeomba, nimegomba. Saa tisa ndipo nikasoma maelekezo — mwenye akili angeanza huko. Kumbe paswedi ya kawaida haitoshi. Inatakiwa ya pekee, ya herufi kumi na sita, na huipati mpaka uthibitishe kwa namba inayotumwa kwenye simu. Haya, itumwe! Nikakaa nimeshika simu kama mama wa mgonjwa. Kimya. Kutazama vizuri: imetumwa kwenye laini ya Kenya inayoishia 47.

Naijua 47. Ni ya Marion. Yeye ndiye aliyeifungua hiyo imeli, enzi zile mimi bado nachemsha chai.

Mzee nimemwambia mtandao ni mbovu.

Jumatano, 18 Juni

Nimevuka mpaka. Marion siku hizi anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Busia ya upande wa Kenya. Nilijiandaa kwa matusi. Kanipa gunia nikalie! Aki Provia umekonda, kasema, mzee anawatesa hivyo? Afadhali angenizaba kibao.

Namba ya kuthibitisha inakufa baada ya dakika chache, kwa hiyo laptopu ilinibidi niibebe. Na bando langu la Uganda? Liligoma nilipopita tu geti la mpakani. Basi mtaalamu wa kompyuta wa kampuni, juu ya gunia la omena, anatumia intaneti ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfukuzisha kazi! Ningemwona mwingine hivyo ningecheka wiki nzima.

Namba ikaingia. Kanisomea polepole, mara mbili. Herufi kumi na sita zikatoka. Imeungana!! Tukakumbatiana, nikanuka samaki mpaka masikioni.

Halafu kauliza, mzee bado ana hasira na ile barua? Mpaka leo anajiuliza aliiweka wapi. Maskini, anaamini kweli ni yeye! Nikasema nitamwombea kwa mzee arudi kazini. Hicho tu ndicho kilichotoka. Mwoga ni mwoga, hata akibeba laptopu.

Alhamisi, 19 Juni

Mzee kakubali. Wiki moja, ya kumjaribu. Akipoteza barua hata moja, anakwenda, kasema. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu hiki!

Mchana nimeupanga mfumo, mabega juu. Tiketi zigawanywe kwa zamu: moja yangu, inayofuata ya Marion. Ruhusa ya kufuta tiketi: mzee peke yake. Usalama kwanza! Nimetunga hata jibu la kujituma lenyewe kwa kila aliyeandika, Kiswahili safi, mzee kalisoma kwa sauti. Mwisho kikaja kisanduku: Ulete pia barua za zamani? Nikatia tiki. Mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu.

Zitaingia kesho asubuhi.

Ijumaa, 20 Juni

Saa tatu. Marion kafika na kitenge kipya. Barua 412 zimeingia, tangu Januari. Nyingi zilishakwisha kazi, anasoma na kufunga. Anaanzia ya zamani kabisa na haruki hata moja, anaogopa kupoteza.

Saa nne. Balaa! Jibu langu la Kiswahili safi limekwenda kwa wateja wote. Wawili wamepiga kuuliza mizigo yao ya Februari imekwama tena wapi. Kisha simu yangu nayo ikalia: "Ndugu Provia, barua yako 'Kuhusu uzembe wa Marion' imepokelewa. Ni tiketi namba 288. Atakayekuhudumia ni Marion."

Mungu wangu!

Mzee hana imeli yake. Siku ile, Marion akiwa matangani, barua hiyo niliituma kwa imeli ya ofisi, nikaichapisha, nikampa mzee mkononi. Kisha nikaificha humo humo kwenye imeli. Nilidhani kuficha ni kufuta! Sasa kufuta ni mzee tu, naye atataka kuisoma kwanza. Nikiihamishia kwangu, Marion anapigiwa kengele: tiketi yako imechukuliwa na Provia. Milango yote nimeifunga mwenyewe na nikajipongeza.

Saa tano. Marion yuko tiketi ya 240. Ana mkono mwepesi, siku zote alinishinda.

Saa sita kasoro. 276. Nimempelekea chai. Kashukuru, kasema hakuna ofisi yenye roho nzuri kama hii. Siwezi. Heri aisikie kwangu kabla hajaisoma.

Nimemwita. Marion, nina neno, la yale mayai.

Hata hakugeuka. Kasema, ngoja kidogo dada, nimalize kwanza hizi za Machi.