Mpaka Pamba Iishe

Jumatano, 10 Januari 1973

Mume wangu Thobias, baba Donatus, amerudi leo na Warundi wawili. Mume na mke, wakimbizi. Kawaokota Isaka, stesheni. Mume anaitwa Selestine, mke Bernadina. Ndio watakaopalilia pamba yetu msimu huu. Watalala kwenye banda la magunia. Malipo yao — chakula!

Hajamaliza kunieleza, mdogo wangu Mageni huyoo, jembe begani, kama kila mwaka. Thobias hata kiti hakumpa. Akamwambia hawa wanataka ugali tu, wewe unataka hela, sasa mimi nifanyeje?

Nikadhani Mageni atamtukana. Wapi! Kamgeukia Selestine, kamtemea mate miguuni. Maskini yule mtu kainamisha kichwa, kasema "mwangaluka". Sijui njiani nani alimfundisha salamu yetu.

Aliyemnyima kazi ni shemeji yake, aliyetemewa mate ni mgeni. Thobias akaomba maji ya kunawa, tule.

Jumapili, 4 Februari

Kanisani Bernadina kakaa benchi letu. Wanawake wakasogea, mmoja mmoja, mpaka tukabaki wawili kama tuna ukoma. Ana mimba, inaonekana sasa.

Baada ya misa, Mama Eustace kaanza. Unga umepanda kwa ajili yao! Wanakula kama nzige! Kisima kinakauka! Wote wanaitikia. Nikamwuliza, na wale Warundi wako wawili wanaolima mpunga, unawapa nini? Kanuna. Nimeona kwa macho yangu anachowapa — pumba na mlenda. Pumba! Kisha anakwenda kupokea komunyo, ulimi nje.

Unga kweli umepanda. Sikatai. Na vijana wetu kweli wanazurura Kagongwa hawana vibarua. Lakini mbona hakuna anayemtaja mwenye shamba? Labda kwa kuwa wenye mashamba ndio sisi.

Jumanne, 6 Machi

Nimekwenda dukani kwa Pranlal kumnunulia Bernadina kanga. Yake imebaki nyuzi.

Barazani walikaa wanaume wanasikiliza redio, Thobias katikati. Wanasema wageni wote warudi walikotoka. Mmoja kamwona Pranlal mlangoni, akacheka: na wewe Mhindi, zamu yako lini? Pranlal naye akacheka. Walipoondoka, uso ukamwanguka.

"Mama Donatus," kaniambia, "maiti ya baba yangu tuliichoma moto Shinyanga, kwa desturi yetu. Mimi nimezaliwa Shinyanga. Tangu Wahindi wafukuzwe Uganda, kila siku naulizwa nakwenda lini. Niende wapi?"

Nilimhurumia. Kweli kabisa, machozi yalinilenga. Anakunja kanga, akaongeza: "Lakini hawa Warundi wamezidi, mama. Serikali iwaangalie."

Nikachukua kanga yangu nikatoka. Ptuu!

Jumamosi, 12 Mei

Bernadina kajifungua salama. Wa kiume. Nimempokea mimi mwenyewe na mkunga wa jirani. Selestine kalia kama mtoto. Asema wa kwanza walimzika njiani, kabla ya kuvuka mpaka. Sikujua! Miezi yote hii, naye hajasema neno.

Pamba imefunguka shamba zima, nyeupe mpaka macho yanauma. Tangu niolewe sijaona kama hii. Thobias anatembea anapiga mluzi. Selestine kamwomba kipande tu, kule kwenye mawe, apande viazi vyake. Thobias kamwambia atafikiria. Akaniangalia, akanikonyeza jicho.

Jumanne, 5 Juni

Mkutano leo, uwanja wa shule. Amri imekuja: wakimbizi wote wapelekwe kambini, upande wa Tabora. Lori linakuja kesho.

Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyesimama kueleza. Balozi ni nani? Mume wangu. Sauti ile ya mikutano! Ndugu wananchi, hawa watu wamewabana vijana wetu. Wamekubali kufanya kazi kwa ugali, wameharibu vibarua. Kila mwenye mkimbizi amtoe, asifiche mtu!

Makofi. Mageni kapiga kuliko wote, amesimama kabisa. Mama Eustace vigelegele. Mikono ya Thobias juu hewani, kucha safi. Msimu huu hajagusa jembe hata mara moja.

Nyumbani nikamwuliza, na pamba waliyolima utaipakia nao kwenye lori? Kasema siasa ni siasa na shamba ni shamba. Nisimchanganyie.

Jumatano, 6 Juni

Lori limefika asubuhi. Thobias kaja bandani, kamwambia Selestine, wewe tangulia. Mkeo bado ni mzazi mchanga, safari itamwua. Wewe nenda ukatengeneze nyumba, nami nitamleta mwenyewe. Selestine kapiga magoti. Kamshika mikono yote miwili, anamshukuru, anamwita baba!

Wakaondoka pamoja. Mlangoni Thobias kaninong'oneza: mwanamke abaki, mpaka pamba iishe. Ya kule bondeni bado haijachumwa. Nimfungie ndani, wasimwone.

Nimeishi na mtu huyu, nimemzalia.

Sasa naandika nimekaa juu ya magunia. Nimemwambia Bernadina ukweli wote. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Atanileta kweli, mama?"

"Hapana, mwanangu."

Amemfunga mtoto mgongoni kwa ile kanga. Sufuria yake kaifungia kwenye gunia. Ananingoja mimi.

Lori halijaondoka, nasikia linanguruma kule shuleni. Ni mwendo mfupi tu. Lakini mlangoni kuna mtu, ana fimbo. Thobias kamweka alinde. Kamwahidi palizi ya mwaka ujao, kwa hela, kama zamani. Mdogo wangu mwenyewe! Nilimbeba mgongoni yule.

Honi. Ya pili.

Nimefungua mlango, nimemwita kwa jina. Mageni anamtazama Bernadina, ananitazama mimi. Anainuka, fimbo kaiacha chini.