Utepe Mwekundu wa Tansy

Hollin Bank,
Karibu na Orton,
Westmorland.

23 Novemba 2017

Mpendwa mdogo wangu Lanty,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye tope. Hamjambo wote huko Southland? Najua msimu wa kukata kondoo manyoya umewaanzia, sasa mgongo wako unasemaje? Robyn bado anafundisha ile shule ya mbali, au wamemsogeza karibu? Na Briar, lile jino la mbele limeota, au bado anapiga miluzi bila kutaka? Sisi huku wazima, ukiacha magoti yangu. Shangazi Tamar ametimiza miaka themanini na sita na bado anagombana na redio.

Mvua haijakatika tangu Oktoba. Kondoo tumeshawaingizia madume wiki hii. Ule ukuta wa nyuma ya ghala umebomoka tena, pale pale ulipojenga wewe ukasema hautaanguka mpaka kiama. Usikasirike, nimeukuta tu umelala chini.

Unaona ninavyozunguka. Unanijua, nikianza kuuliza habari za meno ujue nina jambo. Nimekaa mezani tangu chai ya asubuhi na karatasi mbili zimeshaingia jikoni kuwa kuni. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu nimekudanganya Jumapili kumi na nne mfululizo, na mdomo umeshazoea. Mkono bado una haya.

Ni habari ya Tansy. Yu hai. Nalitanguliza hilo ili mengine uyasome umekaa.

Siku ile unaondoka, miaka sita iliyopita, hukuniachia maneno mengi. Ulisimama naye kwenye lango la mlimani, mkono kwenye shingo yake, ukaniambia, "Dinah, huyu asishuke chini ya ukuta wa mlimani, kwenye majani mazuri. Akikutazama kwa yale macho yake, wewe tazama pembeni." Nikacheka. Nilikuwa nikilisha farasi kabla wewe hujajua kufunga viatu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikajipa moyo kwamba mkuu ni mimi. Sikusikia mimi, na mwenye kulipa kwa miguu yake akawa mwingine.

Kwa miaka mitano nilishika neno lako, na sikuwahi kuona mnyama aliyenifaa kama huyu. Mwezi wa tatu ule wa theluji, trekta lilipokataa kuwaka, yeye ndiye aliyewapelekea kondoo nyasi kavu siku tisa, mzigo mgongoni, theluji ikimfika kifuani. Nimemtandika na kukusanya kondoo naye kwenye miteremko ambayo kwa miguu yangu mwenyewe ningeshuka kwa makalio, na mimi si mwepesi, unajua. Mjukuu wa mzee Wharton alipoolewa, Tansy alivuta gari la bibi harusi akiwa na maua masikioni, na jioni ile ile, maua bado yakining'inia, akalivuta gari la bwana harusi kutoka kwenye tope. Na Mama, kiangazi chake cha mwisho, na zile nyonga zake, tulimpandisha kwa ngazi ya ghalani. Tansy akampeleka mpaka juu kule Baba alikomposea, akitembea kama aliyebeba mayai. Hilo nilikuandikia. Narudia ili ujue kwamba nilikuwa najua nina nini mkononi.

Sasa sikia upumbavu. Mwaka jana nilimpeleka maonyesho ya mwezi wa nane akawa wa sita, kwa wembamba wake. Wa kwanza alikuwa lile jike jeusi la Wharton, nene kama pipa. Wharton akanijia mbele ya watu, kofia kisogoni, akaniuliza, "Dinah, bibie, umetuletea farasi, au koti ulilolianua uzioni?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini lilinikaa kooni mwaka mzima.

Mwezi wa tano mwaka huu Tansy alisimama ukutani siku tatu akiyatazama majani ya konde la chini. Siku ya tatu nikafungua lango. Nilijiambia namwonea huruma, maskini, kazi yote hii na malisho yake ni mawe na nyasi ngumu. Tena wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hata hilo lisingekuwa aibu kubwa. Lakini haikuwa huruma, Lanty. Nilikuwa namwonea Wharton wivu.

Hawa farasi wetu wafupi wameumbwa kwa shida. Ukiwapa raha, raha inawashukia miguuni: majani matamu huwatia moto ndani ya kwato. Hata mtoto wa huku analijua hilo, mimi nilifundishwa kabla ya kusoma. Mwezi wa saba shingo yake ilikuwa imevimba na kuwa ngumu kama mkate wa juzi. Badala ya kuogopa nikawa naipapasa kwa fahari. Manyoya yaling'aa, nyuma akawa mviringo, na hatua zake zikafupika kidogo. Niliziona hatua hizo nikasema ni joto.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nane mwamuzi akampa utepe mwekundu. Wa kwanza, kati ya majike kumi na moja. Nilimpiga picha nikakutumia pale pale, na kesho yake, Jumapili, ukanipigia ukilia. Ulisema mmeitundika jikoni, na kwamba Briar ameahidi kuisalimia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ulisema, "Dada, hakuna mtu mwingine ningemwachia." Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo mpaka leo.

Jumatatu asubuhi hakuja langoni. Nilimkuta amesimama katikati ya konde, miguu ya mbele ameitupa mbele na mwili wote ameuegemeza nyuma, kama mtu anayekataa kusukumwa. Kwato zilikuwa za moto mkononi. Nilimwita akajaribu hatua moja, akaiacha. Kutoka pale mpaka bandani ni hatua mia mbili, unajua mwenyewe, na zilituchukua muda wa kondoo kumi kukatwa manyoya.

Daktari wa mifugo siku hizi ni binti mmoja wa Kendal, Nuttall. Alipiga magoti kwenye maranda na suruali yake safi, akamgusa nyuma ya kila mguu, akaniuliza farasi ni wa nani. Nikasema, "Ni wangu."

Hapo ndipo penye jambo, Lanty. Majani ni kosa, na kosa la majani hata watu wema wanalifanya. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu. Ningesema ni wako, angetaka kusema na wewe, nawe ulikuwa bado una machozi ya furaha shavuni.

Ijumaa alileta mashine ya picha. Mfupa ulio ndani ya kwato ya mbele kushoto ulikuwa umeinama, wa kulia kidogo. Alinionyesha kwenye kioo, akanieleza taratibu kwamba anaweza kupona nusu, anaweza asipone kabisa, na kwa vyovyote atakuwa na wiki nyingi za maumivu. Kisha akasema angekuwa wake, angempumzisha siku ile ile. Aliniuliza mara ya pili kama uamuzi ni wangu. Nikasema ndiyo, ni wangu, na naamua aishi.

Ungedhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo, Mungu ananiona. Lakini mauti yake ningelazimika kukuambia, na maumivu yake ningeweza kuyaficha. Sijui hata leo ni lipi lililosema ndiyo. Kwa wiki tano alilala zaidi ya kusimama, mito ya sponji imefungwa chini ya kwato, nami nikimlowekea nyasi kavu kwenye maji kutoa utamu, na kila Jumapili ukiniuliza habari zake nikikuambia yuko juu mlimani. Ulipotaka umwone kwenye simu nilikuambia kule juu hakuna mtandao. Alikuwa ukuta wa pili kutoka niliposimama, na siku moja alikoroma nikakuambia ni mbwa.

Siku ya sita ya ugonjwa Wharton alikuja na trela lake na magunia ishirini ya maranda ya kulalia. Hakubisha hodi. Nilimkuta bandani anayamwaga, nikamwambia sikumwomba kitu.

"Nimemletea Tansy," akasema. "Wewe sijakuletea."

Akaendelea kumwaga. Alipomaliza akakaa juu ya ndoo, akaniambia kwamba shingo ile aliiona tangu mwezi wa saba, na kwamba jike lake la kwanza, zamani, lilianza vile vile akalizika mwenyewe.

"Uliona ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Ningesema, ungesema Wharton anaogopa kushindwa."

Kweli ningesema. Akavua kofia, akamkuna Tansy chini ya nywele za paji, akasema utani ule wa koti umemkosesha usingizi. Nikamwambia utani haukufungua lango. Tangu siku hiyo anakuja kila Alhamisi. Utepe nimeufunga kwenye komeo la lango la konde la chini, ili mkono wangu ukienda pale uukute kwanza. Umeshapauka kwa mvua.

Mwezi wa kumi Nuttall alitaka kile kitabu cha hati cha Tansy aandike dawa. Nilikuwa nimekisahau kwa makusudi mara tatu. Alifungua ukurasa wa kwanza.

"Lancelot Dawson ni nani?"

"Mdogo wangu. Yuko New Zealand."

"Anajua?"

Nikaitazama ndoo. Aliandika dawa zake zote, akakifunga kitabu, akanirudishia. "Nilikuuliza mara mbili," akasema. Akaenda kunawa mikono. Kuanzia hapo nilijua barua hii itaandikwa, nikachukua wiki sita kutafuta kalamu.

Sasa hali yake. Anatembea. Fundi wa kwato amemchonga mara nne na maumivu yamepungua sana. Tangu juzi, kwa ruhusa ya daktari, yuko kwenye kile kipande kilichozungushiwa uzio chini ya lango la mlimani, penye mawe na nyasi zisizo na kitu. Amekonda, mbavu nazihesabu kwa macho. Nikienda na hatamu ananigeuzia makalio, kwa sababu mimi ndiye niliyemshika kila alipochomwa sindano. Wharton akija anamfuata.

Briar mwambie mapema kwamba mkija Pasaka hatampanda. Usimwambie ni uzee wala bahati mbaya, mwambie shangazi yake alifanya kosa. Anaweza kumpiga brashi, na anaweza kujifunza kusimama pale ukutani, kutazamwa na yale macho, na kutazama pembeni. Mimi nimeshindwa kwa miaka hamsini na tisa, labda yeye wa minane ataweza.

Februari Nuttall atapiga picha nyingine. Kama mfupa umetulia, huenda vuli akapandwa polepole, na mtu mwepesi. Kama umeshuka tena, amesema hatakubali tena kumwongezea siku za mateso bila kauli ya mwenye farasi. Kwenye karatasi zake nimefuta jina langu nikaandika lako, na namba yako ya simu. Atakupigia wewe. Sitasimama katikati. Ukisema tungoje, nitangoja naye. Ukisema basi, nitamshika kichwa mimi, sitamwachia Wharton, na nitakuandikia kila kitu kama kilivyokuwa.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana najua wewe ni mwepesi wa kusamehe na ningejificha humo. Kasirika kwanza. Una haki yako.

Shangazi Tamar anakusalimu. Yeye ndiye aliyeniambia jana kwamba wino haujawahi kumuua mtu. Mzee Wharton naye anasema salamu, na kwamba ukuta wako ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Nibusieni Briar, na umpe Robyn pole ya kuolewa katika ukoo huu. Mungu awalinde barabarani na kazini, awape kiangazi chema.

Ndani ya bahasha kuna picha niliyompiga jana. Ana matope mpaka tumboni, manyoya ya baridi yamemsimama hovyo, na hakuna mwamuzi ambaye angemtazama mara mbili. Lakini amesimama kwa miguu yote minne. Tafadhali ishushe ile ya utepe, uitundike hii.

Dada yako akupendaye, ndiye aliyefungua lango,

Dinah