Farasi Hahesabiwi

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Pagma, mwenyekiti wetu wa bonde, kaja na pikipiki mpaka mlangoni, kanywa mabakuli mawili ya chai, ndipo akasema kilichomleta. Kuna programu mpya ya simu. Unaingiza mifugo yako, unaingiza marobota ya nyasi na magunia ya pumba, yenyewe inakuambia kama chakula kitafika mpaka majani mapya yaote. Kijani — kipo. Njano — jihadhari. Nyekundu — uza mifugo au nunua nyasi sasa, kabla theluji haijafunga njia. Mimi ndiye wa kupita hema kwa hema kuijaza.

Kwa nini mimi? "Simu yako inashika chaji," akasema Pagma, "na mdomo unao." Haya.

Nimeiita Mizani. Nimeanza na sisi wenyewe. Kondoo, mbuzi, ng'ombe — sawa. Ikauliza: farasi wangapi? Nikamwuliza mume wangu. Tserendash alikuwa anashona hatamu, hata uso hakuinua.

"Weka sufuri."

"Sufuri vipi, na mlima umejaa farasi wako?"

"Farasi hali nyasi za kufungwa kwa kamba. Anafukua theluji kwa kwato zake, anakula. Baba yangu hakuwahi kumpa farasi robota. Mimi nimhesabu kama mgonjwa?"

Nikaweka sufuri. Kijani! Nilifurahi, sina haja ya kujidanganya. Tangu shemeji Gonchig, kaka yake Tserendash, alipofagiliwa kundi lote kwa kipupwe kimoja, mimi kila vuli nalala na hofu. Gonchig sasa analinda maegesho ya magari mjini. Mtu aliyekuwa akitambulika kwa mbio za farasi wake anainua na kushusha kamba ya geti. Hicho ndicho ninachokiogopa, si kifo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimemaliza bonde. Matako yanawaka kwa tandiko.

Kila hema jibu lilelile. Ukiuliza kondoo, wanataja bila shida. Ukiuliza farasi, wanakutazama kana kwamba umeuliza uzito wa mama yao. Baasan, jirani yetu wa juu ya kijito, alinicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, farasi nimnunulie na kijiko? Nimfunge na kitambaa shingoni asijimwagie?"

"Mimi nauliza inavyouliza simu."

"Basi iambie simu ije ipande mmoja, itajua anakula wapi."

Mkewe naye akacheka, nami nikacheka. Baada ya hapo nikaacha kuuliza. Kwenye mahema yaliyobaki nilikuwa naweka sufuri hata kabla chai haijamiminwa.

Jumanne, 17 Oktoba

Bonde letu lote kijani. Peke yetu wilaya nzima. Pagma anatembea kama aliyejifungua mtoto wa kiume. Anasema nyasi za akiba za wilaya zote zinapelekwa bonde la ng'ambo, wao wana nyekundu. Malori yamepita leo mbele yetu, yamejaa, harufu ya majani imebaki barabarani muda mrefu.

Mnunuzi wa nyama naye kapita. Nilitaka tuuze kondoo jike wazee, wale wa meno yaliyoisha. Tserendash akasema, "Simu yako yenyewe imesema chakula kipo. Sasa unaibishia?"

Mnunuzi kaondoka na gari nusu tupu.

Ijumaa, 24 Novemba

Mvua.

Mvua mwezi wa Novemba, juu ya theluji. Imenyesha toka alfajiri, nyepesi, ya uvuguvugu, hata mbwa alitoka nje akasimama anashangaa. Saa ya kukamua upepo ukageuka kutoka kaskazini. Kufikia jioni bonde zima lilikuwa kioo. Nimetupa jiwe, likateleza na kuteleza likilia mpaka kijitoni.

Tserendash kasimama mlangoni muda mrefu. Kuna neno kwa hali hii, na kila mtu analijua, lakini hakuna anayelitamka mwanzoni mwa baridi. Ukiliita linakuja. Mimi naliandika hapa, karatasi haina masikio: zud. Zud ya chuma: barafu inayofunga majani, mifugo ikafa njaa.

Nimelifuta. Limebaki linaonekana.

Jumamosi, 9 Desemba

Tserendash kapanda mlimani kuwaona farasi. Karudi, kakaa bila kuvua kofia. Sijamwona akifanya hivyo tangu msiba wa baba yake.

Anasema hawafukui. Wanajaribu. Jike kijivu, kiongozi wao, kachubuka miguu ya mbele mpaka mfupa, damu imeganda kama soksi nyekundu. Barafu haipasuki. Majani yako chini yake, wanayaona, hawayafikii.

Baadaye nimesikia mlango wa ua wa nyasi. Nikachungulia. Mume wangu, mwana wa baba ambaye hakuwahi kumpa farasi robota, alikuwa anafunga marobota kwenye sleji ya kuburuta juu ya theluji. Aliniona nimemwona.

Jumapili, 10 Desemba

Nimefungua Mizani. Palipokuwa na sufuri nimeweka farasi wetu. Nilimtaka Tserendash anitajie idadi, akanitajia kwa sauti ndogo, mmoja mmoja kwa rangi zao.

Ilienda moja kwa moja nyekundu. Hata njano haikupitia. Farasi mmoja anakula nyasi za kondoo saba! Hilo hata mtoto wa shule analijua, tumelijua siku zote. Ila hatukuwa tumelijua kuhusu nyasi zetu.

Ndipo nikaona. Si sisi tu. Nimekaa na simu nikakumbuka hema moja baada ya jingine, mlima gani una farasi wa nani, nikajaza kwa kukisia. Baasan — nyekundu. Wale ndugu wawili wa bondeni — nyekundu. Wote. Bonde lote limekuwa kama kidonda.

Nimempigia Pagma. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha, polepole: "Dada Khandsuren, usiseme hayo kwenye simu."

"Nyasi za akiba je?"

"Zilishaenda ng'ambo. Zimeliwa. Na njia imefungwa toka wiki iliyopita."

"Sasa niwaambie nini watu?"

"Utawaambia nini ambacho mlima haujawaambia?"

Akakata.

Jumatano, 3 Januari

Baridi ya kupasua miti. Kondoo wanakula nusu mgawo, wanakaa wameegemeana. Mbuzi wawili wamekufa wamesimama. Tserendash anapanda na sleji kila baada ya siku chache. Mimi najifanya nimelala.

Jumamosi, 10 Februari

Mwezi Mweupe. Mwaka mpya. Tumevaa nguo nzuri, tukaenda kwa Baasan kwa miguu — kwa miguu! Zamani mtu angeona aibu. Leo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Tumeshikana mikono kwa desturi, wadogo mikono chini, wakubwa juu.

"Mnapitisha baridi salama?"

"Salama kabisa. Nanyi?"

"Salama. Mifugo imenona?"

"Imenona."

Ndivyo inavyojibiwa. Hata kama nyumba inaungua inajibiwa hivyo, hasa siku hii, maana utakachotamka siku ya kwanza ndicho kitakuwa mwaka mzima. Baasan kasema "imenona" na nyuma ya hema lake nimeona lundo limefunikwa kwa blanketi la manyoya, na blanketi halikutosha. Kwato zilikuwa zinatokeza.

Mandazi ya nyama yalikuwa machache, yamepangwa kwa mbali ili sahani ionekane imejaa. Mkewe hakuketi hata mara moja. Baasan hakutania. Nilimngoja atanie, hata kunisema mimi na simu yangu. Angenisema ningepumua.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Bonde zima tumeambizana leo kwamba mifugo imenona.

Jumatano, 14 Februari

Gonchig kapiga kutoka mjini. Kuna nafasi ya mlinzi mwingine pale maegesho, zamu ya pili, kibanda kina jiko. Alitaka kutusaidia, namjua, moyo wake ni mzuri. Tserendash akamsikiliza, akasema "asante kaka," akaiweka simu kifudifudi mezani kama mtu anayefunika maiti.

Kisha tumegombana. Kwa mara ya kwanza kwa sauti.

"Kondoo wana mimba," nikamwambia. "Wakifika mwisho wa Machi wakazaa, tuna kundi. Wasipofika, wewe na kaka yako mtapokezana kamba ya geti."

"Na farasi?"

"Nyasi hazitoshi wote. Mizani—"

"Usinitajie mizani yako. Mizani yako ilisema kijani."

"Ilisema kijani kwa sababu nani aliniambia niweke sufuri?"

Nikajuta palepale, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akasema, kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko makelele: "Mwanamume asiye na farasi anaenda wapi, Khandsuren?"

Lakini nimetia kufuli kwenye ua wa nyasi. Ufunguo nimeufunga shingoni kwa kamba, chini ya nguo. Kaniona nikiufunga. Hajaniomba.

Jumanne, 20 Februari

Bado hajaniomba. Heri angeniomba.

Ijumaa, 1 Machi

Kondoo tisa tu wamekufa mwezi mzima. Nasema "tu". Angalia ulimi wangu ulivyozoea.

Nimepima nyasi kwa macho, kisha kwa Mizani. Kwa kondoo na ng'ombe peke yao, wakila mgawo wa njaa, zinafika mpaka wazae. Zinafika kwa kukwaruza. Pasiwe na robota moja la kutoka nje ya ua. Nilimwonyesha Tserendash ile rangi — njano, mara ya kwanza kutoka kwenye nyekundu tangu Desemba.

"Farasi umeweka wangapi?"

"Sufuri," nikasema.

Akatabasamu. Sijapata kuona tabasamu la kuogofya kama lile kwa mtu ninayempenda.

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi, jua kali, hakuna upepo. Naandika kwa penseli, haraka.

Mbwa hakubweka. Hilo ndilo lililoniamsha, ukimya. Nimetoka, nao wako hapo. Wameshuka wenyewe kutoka mlimani. Wamesimama kando ya ua wa nyasi, vichwa juu ya waya, bila kulia. Jike kijivu mbele. Hana mkia. Hakuna mwenye mkia. Wamekulana mikia na manyoya ya shingo, yamebaki mashina tu, na macho. Walikuwa wengi. Sasa wanasimama mbalimbali ili wasiangushane.

Tserendash alitoka, akaenda kwa jike kijivu, akamshika masikio, akaweka paji lake kwenye paji la yule mnyama. Nami nimeshika kifua changu mahali ufunguo ulipo. Nilitaka kusema samahani, au hapana.

Kisha nikaona chapa. Wale wa nyuma si wetu. Mwezi mwandamo na nukta — hiyo ni chapa ya Baasan. Nyuma yao wengine, chapa ya wale ndugu wa bondeni. Na kwenye mgongo wa kilima, wengine wanakuja, mstari mwembamba mweusi kwenye kioo, polepole, hawaswagwi na mtu. Wamenusa. Bonde zima lina ua mmoja ambao bado una nyasi, na nadhani ni kwa sababu bonde zima lina kufuli moja. Wote ninaowaona nawajua. Wote niliwaandika sufuri.

Katikati yao alikuwa anatembea mtu kwa miguu. Baasan. Kamba mkononi, haina mnyama.

"Mnapitisha baridi salama?" akasema alipofika. Midomo imepasuka.

"Salama kabisa," Tserendash akajibu.

"Mifugo imenona?"

"Imenona. Yako je?"

"Imenona."

Tukamkaribisha ndani. Tungefanya nini? Mgeni haulizwi alichokuja kutaka mpaka amalize chai yake, hata angekuja na kisu. Nimempa bakuli, kwa mkono wa kulia, nikaweka na jibini kavu iliyobaki. Anakunywa. Tserendash kakaa mkabala naye, hanitazami usoni, anatazama shingo yangu, ile kamba. Baasan naye kaiona. Mimi nimekaa kando ya jiko na daftari hili gotini na simu juu yake. Wanafikiri napiga hesabu.

Nje waya umeanza kulia. Wanauegemea.

Kondoo wameanza kuita ndani ya zizi, wamesikia farasi. Mmoja ana chuchu zimeshavimba, atawatangulia wenzake, pengine wiki hii.

Baasan anakunywa polepole sana. Anajua na yeye. Akimaliza itabidi aseme, na akisema itabidi nijibu, na Tserendash kesha kunyoosha kiganja chake juu ya goti, wazi, kama hakuna kitu.

Bakuli limefika chini. Analiinamisha.

Nainuka kumwongezea chai.