Usichimbe Malisho ya Kaskazini

Ranchi ya Stroud,
Kaskazini mwa Roswell, New Mexico.
Juni 1997

Kwako mdogo wangu Wendell,

Salamu nakupa kwa sababu Mama kanilea hivyo, si kwa sababu unazistahili. Natumaini u mzima, na Marcy pia, na kwamba jua la Phoenix halijawakaanga. Sisi huku tupo. Mvua imegoma, kondoo wamekonda, na goti langu linanisumbua nikipanda ngazi. Mama ni mzima wa mwili, ila tangu Jumapili chakula hakimpiti kooni, na aliyemharibia chakula ni wewe.

Tulikuwa mezani, redio inaongea yenyewe, mara tukasikia sauti yako. Ukatangaza kwamba katika sikukuu ya mwezi ujao, kile chombo chenu cha angani kikitimiza miaka hamsini tangu kianguke, utakuja na watu wa televisheni na katapila. Mtachimba malisho yetu ya kaskazini, pale penye rundo la mawe, mtoe maiti ya kiumbe wa sayari nyingine ambayo Baba aliificha. Mama akaweka kijiko chini, akainuka, akaenda kukaa dirishani.

Wendell, umetuchosha. Mwanzo ulisema lilikuwa puto la jeshi la kusikiliza mabomu ya Warusi. Tukasema haya, mtu mzima ana mawazo yake. Halafu likageuka kuwa ndege ya siri iliyoundwa na Wajerumani waliotekwa. Halafu puto la Wajapani lililopotea njia tangu wakati wa vita. Sasa ni wageni kutoka kwenye nyota. Kila nadharia inakuja na mkutano wake na kofia zake za kuuza. Pale mgahawani kwa Dutch wanaume wananiuliza dogo katoka na kipi safari hii, au wasubiri kwanza wamalize kahawa, maana huenda ukabadilisha. Dutch mwenyewe anashikilia kwamba ni Warusi. Kinyozi anasema ni majaribio ya jeshi, walirusha midoli ya watu ikapasuka, wakaona haya kusema. Nami nacheka nao, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kukutetea.

Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na niliviokota vile vitu vilivyoanguka kwenye ranchi yetu kwa mikono yangu. Vijiti vyepesi, karatasi za kung'aa, mpira uliochomwa na jua unaonuka vibaya. Kondoo walikataa katakata kuvikanyaga ili wafike majini, ikabidi Baba awazungushe mbali, na njia nzima alikuwa akitukana. Vilitoka wapi, sijui. Baba naye hakujua, na nakuapia kwamba hakujali. Askari walikuja, wakazoazoa, wakaondoka bila hata kufunga geti, na hilo la geti ndilo lililomkera mpaka anaingia kaburini.

Hayo yote ningekuachia. Kilichonitoa moshi masikioni ni kitabu chako. Umemleta Bibi Pruitt, jirani yetu wa enzi hizo, kuwa shahidi. Bibi Pruitt alipita na gari barabarani akamwona Baba akifukia kitu malishoni. Nilikuwa naye kanisani mwaka uleule, na wakati huo alisema kaona furushi. Ulipomtembelea na kinasa sauti furushi likawa mwili. Walipokuja watu wa kamera mwili ukaota kichwa kikubwa na ngozi ya kijivu, na katika kitabu chako hauna hata masikio. Ukimpa mwaka mmoja zaidi utapata mbawa.

Na mzee Eusebio Tafoya, mchunga kondoo wetu. Umeandika kwamba alikuwa mlevi, kwamba alimsaidia Baba kuchimba, kwamba jeshi lilimnunua, na baadaye Baba akamfukuza ili siri isivuje. Ulikuwa ukipanda mabegani mwake, Wendell. Alikuchongea farasi wa mti. Sura nzima umemchafua mtu ambaye hakuwahi kukufanyia baya, na picha yako ukaibandika nyuma ya jalada unatabasamu.

Kuna mahali pamoja tu ulipopatia. Yule askari mzee uliyemhoji alikwambia kwamba alimuuliza Baba kuna nini chini ya mawe, na Baba akajibu ni mwanakondoo aliyezaliwa akafa. Ukaandika kwamba Baba alidanganya, kwa sababu kondoo wetu huzaa Mei, na ile ilikuwa Julai. Ni kweli. Ulikua kwenye ranchi na hilo hukulisahau. Hakuwa mwanakondoo.

Nilikuwa nimeamua kufa nalo hili. Mama ndiye aliyeniambia nikuandikie, na hapa ninapoandika amekaa karibu yangu na ananitazama mkono. Kama umesimama, keti.

Wiki ileile ya askari Mama alijifungua mtoto wa kiume. Uchungu ulikuwa mrefu na ulimwacha na homa, anazungumza na watu ambao hawapo. Mtoto alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Alifia mikononi mwangu, kesho yake mchana, jikoni, huku Baba akiwa zizini. Siku hiyohiyo, kule kambini kwa wachunga kondoo, Delfina mke wa Eusebio naye alifariki akijifungua. Wake alizaliwa mzima. Eusebio akaja kwetu juu ya farasi na kichanga ndani ya shati lake, kinalia kwa njaa, na yeye mwenyewe hana mama wala dada wa kumkimbilia.

Unajua Baba alivyokuwa akifanya mwanakondoo akifa na mwingine akabaki yatima. Alikuwa akimchuna aliyekufa, anamvika yule yatima ile ngozi, anamsogeza kwa jike aliyefiwa. Jike hunusa, husikia harufu ya mwanawe, humwacha anyonye. Zikipita siku chache unaivua ngozi na wote wawili hawana habari tena.

Baba alifanya alichokijua. Aliniambia nimvue marehemu kikoti chake, kile alichokishona Mama kwa mkono wakati wa baridi. Nikamvua. Akamvika mtoto wa Eusebio, akamlaza ubavuni mwa Mama, akamwita kwa jina ambalo lilikuwa limeshachaguliwa. Jina hilo ni Wendell. Aliye chini ya mawe ndiye Wendell wa kwanza. Alizikwa ndani ya gunia la unga, bila nguo, kwa sababu nguo yake ulikuwa umeivaa wewe. Hilo ndilo furushi aliloliona Bibi Pruitt.

Eusebio alikuwa amekubali ukae kwetu hadi uachishwe ziwa. Alipokuja kukuchukua akakunyooshea mikono, kabla Baba hajamwambia Mama neno, ulimng'ang'ania Mama nywele ukalia mpaka ukatapika. Akavaa kofia yake, akasema mwacheni. Akabaki kutuchungia kondoo ili akuone. Ulipokua ukaanza kumtuma akutandikie farasi, tena bila kusema tafadhali, na siku moja akamwambia Baba kwamba hawezi tena. Akaondoka. Hakufukuzwa na mtu.

Baba alikufa akiamini kwamba Mama hakujua. Mimi pia niliamini hivyo, na miaka yote nimeuma ulimi nisije nikamuua kwa majonzi. Jumapili, pale dirishani, ndipo aliponiambia kwamba alijua tangu alipokupapasa kichwa mara ya kwanza, maana wake alizaliwa na nywele na wewe ulikuwa kipara. Anasema Baba alikuwa mtu mwema, lakini alidhani mwanamke ni kama kondoo jike. Alikunyonyesha kwa sababu ulikuwa na njaa. Alinyamaza kwa sababu aliogopa, akisema neno, utachukuliwa.

Sasa leta katapila lako. Utanikuta getini na bunduki, na hao watu wa televisheni watapata kitu cha kurusha. Mama hatatazama mwanawe akichimbuliwa na mwanawe. Hilo lifute kabisa.

Eusebio yuko hai. Anaishi kijijini kwao, kule milimani, peke yake. Wasomaji wako wameshampata. Wanamgongea mlango wakimwita mwongo, na mwezi uliopita walimvunjia dirisha. Nilienda kumwekea kioo kipya na kumpelekea mchuzi wa pilipili za kijani. Nikakuta jirani yake anamsomea kitabu chako, kwa kuwa Kiingereza cha kusoma kinampiga chenga. Alimsomea ile sura yote, ya ulevi na ya kununuliwa, na yeye akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama huyo aliye nyuma ya jalada ni wewe. Nikamwambia ndiyo. Akaomba mkasi. Nilidhani ataichana, na nisingemlaumu. Aliikata taratibu pembeni, akaibandika ukutani karibu na picha ya Delfina, akarudi nyuma kidogo, akasema una paji la uso la mama yako.

Msalimie Marcy na watoto. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Mimi bado nimekukasirikia, na sijui hasira hii itaisha lini. Ukija, anzia milimani.

Ni mimi dada yako,
Nadine