Adeke Hakulia

Nairobi, 9 Machi 1966

Dada yangu mpendwa Benedetta,

Yoga noi, kwa salamu yetu ya Kiteso. Nakusalimu wewe na shemeji Callistus. Natumaini hapo Amagoro mko wazima, na mtoto amelala vizuri tangu niondoke. Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho bado iko stesheni ya Malaba.

Ulifanya vizuri kumbeba mwanangu Adeke mgongoni ukampeleka nyuma ya maghala treni ilipoingia. Angeniona nikipanda, nisingepanda. Ndege inaondoka kesho. Ile klabu ya tenisi ya Uingereza itanipa chumba na mwalimu, na baada ya mwaka mmoja nirudi. Mwaka mmoja tu, dada. Nitamkuta bado anasema maneno nusunusu.

Najua watu wanasema huyu amezaa na bado anakimbilia mpira. Waseme. Baba alifagia uwanja wa tenisi kule Tororo mpaka akafa, sisi tukiwaokotea wachezaji mipira, na hakuwahi kuniona nikicheza mbele ya watu. Mimi siwezi kuacha raketi sasa, wakati mlango umefunguka.

Uji wake wa wimbi usiwe moto sana. Anaupenda vuguvugu.

Mdogo wako,
Apeduno


Amagoro, 2 Juni 1966

Mdogo wangu Apeduno,

Pokea salamu nyingi. Sisi tu wazima, isipokuwa Callistus ana kikohozi cha vumbi la chaki. Je, huko unaionaje baridi? Unakula?

Sitakuficha. Mwanzoni treni ikipiga honi Adeke alikuwa anakimbilia mlangoni. Alikataa maziwa, akalala na ile sweta yako ya kijani mpaka ikanuka. Sasa treni inapita na yeye anaendelea kucheza na kuku. Siku ya kwanza kuona hivyo sikujua nishukuru au nilie.

Unajua mimi na Callistus tumekaa miaka mingi bila mtoto. Nyumba yangu sasa ina kelele. Hata mama mkwe ameacha kunitazama vile alivyokuwa akinitazama. Nakuambia haya ili ujue mtoto wako hateswi.

Cheza vizuri. Lakini usipitishe muda uliosema.

Dada yako,
Benedetta


London, 18 Novemba 1967

Dada mpenzi,

Salamu za mbali. U hali gani? Shemeji je? Mwanangu je? Nimesikia kwa mtu wa Malaba kwamba Callistus amehamishiwa shule ya Funyula. Poleni kwa kuhama.

Nimekaa kimya muda mrefu, na mwaka niliosema umeshapita. Dada, mwaka wa kwanza nilishindwa kila mahali. Hapa tunacheza juu ya majani. Mpira hauinuki kama kwenye udongo wetu wa Tororo, unateleza chini kama panya, nami nilikuwa nachelewa kila mara. Ningerudi hivyo, ningekuwa nimemwacha mtoto bure. Nikaona nikae nijifunze.

Sasa nashinda. Mwezi wa saba nilifika fainali katika mji mmoja wa pwani, watu wakasimama kunipigia makofi. Wananipa vikombe na nauli, basi. Mshahara hatupewi, kwa kuwa sisi tunahesabiwa tunacheza kwa burudani. Asubuhi nafundisha watoto wa wanachama kushika raketi. Kuna mmoja mdogo wa umri wa Adeke. Nikimshika mkono ili azungushe vizuri, huwa namshika kwa muda mrefu kidogo.

Niandikie anaongea nini siku hizi.

Mdogo wako,
Apeduno


Funyula, 6 Februari 1968

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo. Tumepona sasa, ndiyo sababu naandika. Wakati wa shida sikuweza.

Adeke alishikwa na surua baada ya Krismasi. Ikaingia kifuani. Callistus alimbeba kwa baiskeli mpaka hospitali ya misheni pale Nangina, mimi nikiwafuata mbio kwa miguu. Masista walifanya kazi sana. Nililala sakafuni chini ya kitanda chake mpaka homa ikashuka. Alipofungua macho aliniambia, "Mama, nina kiu."

Awali aliniita Deta, kama unavyojua. Siku ile aliniita mama, na mimi nikampa maji. Sikumsahihisha. Tangu siku ile ananiita hivyo tu, na Callistus anamwita baba.

Umeniuliza anaongea nini. Anaongea Kisamia na watoto wa hapa kama aliyezaliwa hapa.

Njoo, Apeduno. Njoo akuone usoni.

Dada yako,
Benedetta


London, 30 Julai 1968

Dada yangu,

Salamu, na asante kwa kumwokoa mwanangu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini.

Mambo yamebadilika huku. Tangu Aprili mashindano makubwa yamefunguliwa hata kwa wanaolipwa. Nimetia sahihi mkataba, dada. Mimi sasa ni mchezaji wa kulipwa, hii ndiyo kazi yangu kama vile Callistus ana yake. Mwezi uliopita nilicheza kwenye uwanja mkubwa, dhidi ya dada mmoja wa Australia ambaye kila mtu hapa anamjua. Seti ya kwanza nikaichukua! Ya tatu nilikuwa namwongoza, nikaanzisha mpira kwa nguvu zangu zote, na kitu kikapasuka begani. Sikumwambia mtu. Nilishindwa. Lakini kwa muda mfupi, Benedetta, uwanja wote ulikuwa kimya kwa ajili ya mtoto wa Ongodia mfagiaji.

Desemba nakuja. Nimepata nyumba ndogo na mama mmoja wa kulea mtoto nikiwa safarini. Nakuja kumchukua Adeke. Mwandae polepole.

Mdogo wako,
Apeduno


Funyula, 12 Januari 1969

Mdogo wangu Apeduno,

Salamu. Sijui kama ni vizuri kukuuliza habari za afya. Uliondoka bila kuniambia neno, na mimi nataka kuelewa.

Desemba ulipokuja, nilifunga nguo za Adeke mwenyewe. Nilimwambia, "Huyu ndiye mama aliyekuzaa, nenda naye, ni mtu mwema." Niliwasindikiza mpaka Malaba, ukapanda treni, nikamwinua mtoto nikakupa dirishani. Sikulia mbele yake, nilijikaza kabisa. Nikarudi nyumbani, Callistus amekaa uani, mikono magotini, hataki chakula.

Kesho yake jioni nikasikia gari nje. Nikatoka, nikamkuta Adeke mlangoni na kibunda chake, na gari linakata kona. Nilikuita kwa sauti. Dereva alisimama kidogo, kisha akaondoka. Ni wewe uliyemwambia aondoke?

Mtoto nikimuuliza anasema tu, "Nimerudishwa." Alikufanyia nini? Mimi nilikukosea nini? Kama ni wako, njoo umchukue tena, sitakuzuia. Ila usimpeleke na kumrudisha kama mzigo. Safari ya pili mimi siiwezi.

Dada yako,
Benedetta


London, 21 Septemba 1969

Dada yangu Benedetta,

Salamu kwako na kwa Callistus. Nisamehe kukaa miezi hii yote bila kukuandikia. Nilianza barua hii mara nyingi.

Adeke hakunifanyia chochote. Ndilo jambo lenyewe. Nilijiandaa kwa kilio, lakini hakulia. Kwenye treni alikaa mkabala nami, miguu haifiki chini, amepakata kibunda chake. Nikimpa chungwa anasema asante. Nikimuuliza kitu anajibu, "Ndiyo, madam." Tulipokaribia Bungoma akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu mzima, "Ni kwa sababu nilimwaga maziwa?"

Nikamwambia, "Maziwa gani?"

"Ya mama. Juzi. Ndiyo maana amenitoa?"

Nikamwambia, "Mama hakukutoa. Mimi ndiye mama yako." Akasema, "Ukinirudisha sitamwaga tena."

Tukashuka Bungoma. Tulilala kwa watu wa kanisa, kesho yake nikatafuta gari. Njiani alisinzia, kichwa kikaniangukia mapajani, na mpaka Busia sikuthubutu kusogeza mguu. Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia dereva aondoke. Kama ningekuona unamkumbatia, ningeshuka, na nisingejua nashuka kumchukua tena au kuwaaga.

Bega limekwisha. Daktari alilipasua mwezi wa nne, na sasa mkono hauinuki juu ya sikio. Mkataba umevunjwa. Miaka yangu ya kulipwa haikufika hata miwili. Klabu imenirudisha kufundisha watoto, na nitabaki huku, kwa sababu nikiishi karibu yenu nitamtaka kila siku.

Mwambie hukumtoa. Mwambie leo hii, kabla hata hujamaliza kusoma, maana huenda bado anaogopa maziwa. Na akiuliza yule mwanamke wa kwenye treni alikuwa nani, mwambie ni mama yake mdogo anayeishi ng'ambo, alikuwa amekuja kuwasalimu.

Mdogo wako,
Apeduno