Kaa Kwanza, Ndipo Nikaze

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia mpwa wako akiwa amelala mapajani, kwa hiyo mistari ikipinda usiseme nimesahau shule. Ni yeye anajigeuza. Vipi hali yako? Mama ananiambia sasa unakula, na kwamba umeanza kugombana na wauguzi kuhusu dirisha. Nilifurahi, maana mgonjwa akianza ugomvi ujue amerudi duniani. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mtoto anaota magego, basi nyumba nzima tunaota magego.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu Mama yuko pembeni yako na sauti umeifungulia wodi nzima, nami sauti yangu unaijua, hainitunzii siri. Tena kila ukipiga huniulizii mimi kwanza, unamuulizia mchumba wako yule mwenye milango miwili, gari lako. Basi leo nitakupa habari zake zote, usome kwa utulivu hadi mwisho.

Siku ulipoanguka kutoka kwenye lile paa ulilokuwa ukiliezeka, maboksi ya springi na shokapu mpya yalikuwa chini ya meza yetu, hata gundi ya karatasi haijabanduliwa. Mlikuwa mmeahidiana na mume wangu kuzifunga pamoja, gari lishuke, likae karibu na lami kama ulivyoota miaka yote. Ulipolazwa, akasema hatangoja mtu; ukitoka utalikuta tayari. Nilimkumbusha kwamba yeye ni fundi wa makochi. Akanijibu kwamba kazi yake yote ni springi, mimi nilidhani anakula nini? Nawe ulipoambiwa ulicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia, ukasema springi za kochi na springi za gari hazijawahi hata kusalimiana, na kwamba akithubutu kulishonea gari lako kitambaa cha maua undugu umekwisha.

Basi akalinyanyua kwa jeki hapo uani, akaliweka juu ya vigingi vya chuma, chini kabisa ya kamba yangu ya kuanikia nepi. Upande mmoja ulitoka vizuri. Upande wa pili nati ilikuwa imeshikana na kutu, akaning'inia kwenye spana na uzito wake wote, nati ilipoachia akaangukia kwenye beseni langu la nguo. Alipomaliza kufunga, tukaona maandishi ya zile springi yamesimama kichwa chini. Akafungua zote upya. Mbele yake sikucheka. Nilikwenda kuchekea jikoni.

Alipolitoa barabarani lilikwenda kama limepakwa mafuta. Lilipofika kwenye tuta la hapo dukani likalia: ko. Upande wa mbele, kushoto. Ko, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi.

Tangu siku hiyo, kaka, nyumba yetu imekuwa ya kuitafuta hiyo ko. Alikaza nati za juu ya shokapu, likalia. Akasema huenda ni vitu vya nyuma, akatoa jeki, akatoa tairi la akiba, akatoa vile viatu vyako vya kazi. Viatu alivishika kitambo, akavirudisha mahali pake. Likalia. Jirani yetu fundi wa friji akaja na hukumu kwamba ni usukani, akaondoka na hukumu yake pamoja na spana yetu. Mwishowe nikawekwa mimi kwenye kiti cha pembeni na mtoto mapajani, tukaendeshwa taratibu kama tumebeba mayai, kazi yangu kuonyesha kwa kidole sauti inatoka wapi. Mpwa wako ndiye aliyekuwa fundi hodari. Kila likilia, naye anajibu, "Ko." Sasa hivi gari lako lina jina, na jina ni hilo.

Kila ulipopiga simu, mume wangu alikwambia bado linagonga, shemeji, nawe ukamwambia asihangaike, ukitoka mtaitafuta pamoja. Nikaona jambo. Baada ya simu hizo anakuwa mwepesi, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kutokwenda kazini. Nami nikaanza kukasirika. Anarudi kutoka karakana, anamtupia jicho mtoto, anaingia chini ya gari. Nikasema huyu anaikimbia nyumba. Nikamwambia wazi: ama alipeleke gereji, ama aliondoe chini ya nepi zangu. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo haikufika.

Jumamosi nilikuwa naanua nguo. Yeye yuko chini, miguu tu ndiyo inayoonekana, anakaza nati za ule mkono wa chini unaoshika tairi, na tairi lenyewe linaning'inia hewani. Mimi gari silijui. Ila mume wangu namjua. Tangu anioe, kule karakana mimi ndiye uzito wake. Kila kiti kipya, kabla hajapiga misumari ya mwisho ya kitambaa, huniita, "Kaa kwanza, ndipo nikaze." Kitambaa kikikazwa kwenye kiti ambacho hakijakaliwa, siku mtu akikalia kinavutana na kuchanika pembeni. Hilo halisahau hata akiwa na homa. Na pale anapokaza kwenye gari, mpira upo ndani ya maungio, kwa macho yangu nauona.

Nikamuuliza: wewe usiyekaza kochi kabla halijakaliwa, imekuwaje unakaza gari likiwa linaelea?

Spana ikanyamaza. Kisha akasema, bila kutoka huko chini, "Hilo nalijua tangu siku ya kwanza, mke wangu. Likinyamaza, ufunguo nitampelekea nani?"

Kaka, nililigeuza beseni nikalikalia.

Akanieleza. Siku zile za mwanzo, alipokuja kukuona peke yake, alikuvalisha soksi, na kwa utani wenu akakufinya kidole gumba cha mguu, kwa nguvu, ili umtukane. Wewe ukaendelea kumsimulia mechi. Hukugeuza hata jicho. Akakuvuta soksi juu, akacheka mahali pa kucheka, akaja nyumbani asiniambie. Mimi nami nilikuwa na langu nisilomwambia. Tumelala kitanda kimoja wiki zote hizi, kila mmoja ameficha kitu kile kile chini ya mto ule ule.

Sasa nalisema, na nakuomba ulishike kidogo kabla hujalitupa. Baada ya upasuaji daktari alituita mimi na Mama kwenye ujia. Alisema uti wa mgongo umekatika, na miguu yako haitarudi. Hakusema itachukua muda. Maneno ya muda ni ya kwetu, tumeyatunga sisi. Mama alinishika mkono akasema usiambiwe mpaka upate nguvu, nami nikaitika, kwa kuwa yeye ni mama, na kwa kuwa nilikuwa naogopa. Lakini nguvu hizo tunazozingojea, wewe unazimaliza kila asubuhi ukikiita kidole kisichosikia, kisha unatuuliza kwa nini kinachelewa. Nikaona huko si kukulinda tena, ni kukuibia. Wataniambia si mahali pangu, mimi mdogo. Mwenye miguu ni wewe.

Mama usimlaumu. Amezeeka kwenye kile kiti cha pembeni ya kitanda chako.

Uliniita Kidonge tangu tukiwa wadogo, ukisema ni kadogo na kachungu. Leo najua nimekukwama kooni. Na sina maji ya kukupa umezee, kaka. Sina dawa, sina mpango. Mlangoni kwetu kuna ngazi. Mlango wa choo ni mwembamba. Juzi mume wangu aliupima kwa ile futi yake ya kushonea, akaikunja, akaitia mfukoni, nami sikumuuliza imesoma ngapi. Nasikia wako watu wanaoendesha magari kwa mikono mitupu. Sijui kama lako linaweza kufanywa hivyo, na sitaki kukutupia neno nisilolijua kama pipi baada ya sindano. Nachoweza ni kufua, kupika, na kutokudanganya tena. Hayo ndiyo yote.

Kuhusu gari: halijapona. Alizilegeza zile nati, akalishusha likasimama kwa magurudumu yake, akachungulia, na anasema mipira haijachanika. Nati amezirudisha kwa vidole tu. Nilimwambia uzito wa gari lenyewe unatosha, akaze tuyamalize. Amekataa. Amesema atakubeba mwenyewe kwa mikono yake kutoka mlangoni, na ukimpiga ngumi njiani atazipokea, atakuweka kwenye kiti cha dereva, ndipo aingie chini. "Akae kwanza," anasema. Ukitaka liuzwe, litauzwa. Ukitaka usilione kabisa, tutalifunika. Lakini utasema wewe, si sisi kwa niaba yako.

Barua hii ameileta yeye. Mama nimemwita aje anishikie mtoto, ili usiwe na mtu wa kumfichia uso. Mume wangu yuko hapo nje ya mlango wako, kwenye benchi, na nimemkataza kuingia mpaka aitwe. Usipomwita hatakasirika. Ni mtu aliyezoea kungoja gundi ikauke.

Mpwa wako ameamka sasa hivi, ameona kalamu, anaitaka. Anamwamkia mjomba wake kwa neno lake lile moja. Nami nakuamkia tena, na nangojea maneno yako, hata yakiwa matusi.

Ni mimi, mdogo wako wa ziwa moja,

Kidonge