Kwa Ndunda, Aliyehesabu Korongo wa Muthetheni

Jumamosi, 7 Februari 2026. Asubuhi imeanza na ubaridi kidogo, kisha jua la kiangazi likapanda bila wingu.

Baba Mutanu, mwaka umetimia tangu Bwana alipokuita. Tunamshukuru kwa miaka aliyotupa pamoja nawe.

Ulikuwa fundi wa baiskeli sokoni Muthetheni, lakini Jumamosi za kiangazi kibanda hakikufunguliwa. Ulishuka hadi kwenye kinamasi kilicho chini ya shamba letu, ukakaa kimya kando ya matete ukiwahesabu korongo waliokuja kutoka mbali. Kwa kila korongo, punje moja ya mbaazi ilitoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto. Jioni ulizihesabu punje ukaandika kwenye daftari.

Siku moja nilizikuta ndani ya koti lako nikazitia kwenye muthokoi, mahindi yaliyokobolewa niliyokuwa nikiyapika. Hukugomba. Ulisema tu, "Mama Mutanu, leo umepika korongo wote wa Muthetheni," ukaomba uongezewe.

Sokoni walikutania kwamba unahesabu mifugo isiyo yako. Uliwakaribisha waje waone, na aliyekuja ulimpa viatu vyako vya mpira, wewe ukaingia kwenye tope miguu mitupu.

Ulipotuacha, ndugu yako Reuben alitaka kuchimba mfereji, akaushe kinamasi apande sukuma wiki. Hakuwa na ubaya. Ana watoto wa kulisha. Nilimwomba Mungu tu, na daftari lako nikaliweka ndani ya Biblia, maana kulisoma sikuweza.

Sasa, baada ya masomo ya jioni ya kusoma na kuandika pale kanisani, naweza. Leo tulipomaliza maombi nilisoma ukurasa wako wa mwisho, wote wakisikia: "Nimechoka. Reuben amenibeba mgongoni mpaka kwenye matete, akanihesabia. Korongo thelathini na mmoja. Ana macho mazuri kuliko mimi."



Hutoki mioyoni mwetu, na kila sala yetu inakutaja. Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Wanza, binti yetu Mutanu na mumewe Antony, na ndugu yako Reuben, ambaye leo nilipomaliza kusoma alisimama mbele ya mchungaji na majirani, akavua kofia, akasema: "Kaka, mfereji sitachimba. Jumamosi ijayo nitashuka mimi kuwahesabu."